Makarani wa Muda wa Kupima Maendeleo ya Mashambani

Mradi wa maendeleo ukiisha kuanzishwa, haitoshi kuhesabu magunia ya mbegu yaliyogawanywa wala maili za barabara zilizolimwa. Yapasa watu wenyewe waulizwe kama hali zao zimegeuka. Kazi hiyo hufanywa na makarani wa muda, waajiriwao kwa majuma machache tu. Je, ni nani afaaye kuchukuliwa?

Mfano mzuri umo katika historia ya Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Serikali ilianzisha mpango maalumu wa maendeleo katika sehemu sita, nazo ni Kwale, Mbere, Migori, Tetu, Vihiga na Kapenguria. Mwaka 1972 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliupima mpango huo. Huko Tetu, katika Nyeri, uchunguzi ulionyesha ya kuwa mabwana shamba walizoea kuwatembelea wakulima waliokwisha kuendelea, na wanyonge wakasahauliwa. Jambo hili lisingalijulikana kama waulizaji nao wangaliishia kwa wakulima mashuhuri.

Basi sifa ya kwanza ya karani ni kufika katika kila nyumba iliyochaguliwa kwa kura, hata ikiwa ng'ambo ya mto. Akiiacha akaingia nyumba iliyo kando ya barabara, hesabu yote hupotoka, maana maskini mara nyingi hukaa mbali na barabara.

Pili, ajue lugha ya mahali. Bibi mzee wa Kwale atajieleza vizuri zaidi kwa Kidigo au Kiduruma. Lakini si vema karani kupangiwa kijiji chake mwenyewe, kwani watu humficha jirani madeni yao. Tena wachaguliwe wanaume na wanawake, kwa kuwa kazi nyingi za shamba hufanywa na akina mama.

Tatu, atunze siri. Kenya ina sheria ya mwaka 2019 ya kulinda habari za watu. Karani aeleze shabaha ya maswali yake na kuomba ridhaa. Mtu akikataa, asimlazimishe. Wala asiahidi mbegu au msaada, maana mwenye kutumaini zawadi hujibu yale adhaniayo yatapendeza.

Waombaji hufundishwa kwanza, kisha hujaribiwa. Baadaye msimamizi hurudi katika nyumba chache na kuuliza tena baadhi ya maswali. Hivyo mtu aliyeketi chini ya mti akajaza majibu ya uongo hugunduliwa.

Mwajiri naye ana wajibu wake. Kabla karani hajaondoka kwao, apewe mkataba ulioandikwa mshahara, nauli, malazi na siku ya mwisho wa kazi. Akilipwa kwa idadi ya karatasi tu, atafanya haraka kuliko kufanya sawasawa. Na mwombaji yeyote atakiwaye kutoa fedha ili aandikwe kazi, akatae, akatoe habari kwa wakubwa.

Kazi hii ni ya siku chache, lakini kwa majibu hayo huamuliwa mradi upi uendelee na upi uachwe. Mkulima aliyerukwa leo hatahesabiwa katika mipango ya kesho.