Homa ya ini aina ya B: silaha ya mwili inapoumiza ini



Mtu akipata homa ya ini aina ya B, wengi husema, "Virusi vinamla ini." Ukweli uko tofauti kidogo, na inafaa uufahamu, kwa sababu unahusu dawa unazomeza na chanjo ya mtoto wako. Virusi hivi vikiingia katika ini hukaa ndani ya seli zake na kuzaliana bila kuziharibu sana. Sehemu kubwa ya madhara hutokea pale kinga ya mwili wako mwenyewe inapopambana kuvitoa.

Kinga ya mwili hufanyaje kazi?

Katika damu yako kuna chembechembe nyeupe, ambazo tunaziita askari wa mwili. Baadhi ya askari hao hupita wakikagua seli moja moja. Seli iliyoingiwa na virusi huonyesha vipande vya virusi hivyo kwenye ukuta wake wa nje. Askari akivitambua, huishika seli hiyo na kuimiminia vipunje vidogo vyenye silaha mbili.

Silaha ya kwanza huitwa perforini. Kazi yake ni kutoboa njia. Ya pili huitwa granzaimu B. Hii huingia ndani ya seli na kufanya kazi kama mkasi. Hukata protini fulani, na kwa kuzikata huiamuru seli ijibomoe yenyewe kwa utaratibu. Seli husinyaa, hugawanyika vipande vidogo, kisha chembechembe nyingine huja kuvimeza. Virusi vilivyokuwa ndani hukosa mahali pa kuzaliana.

Fikiria nyumba za nyasi zilizojengwa kwa mstari. Moja ikishika moto, watu huibomoa upesi ili moto usifike kwa jirani. Hiyo ndiyo kazi ya granzaimu B. Mwili huitumia dhidi ya virusi vya aina nyingi, na pia dhidi ya seli zinazoanza kugeuka saratani.

Kwa nini basi ini huumia?

Kama nyumba zilizoshika moto ni chache, kuzibomoa si hasara kubwa. Lakini virusi vikishaenea katika ini, askari hulazimika kubomoa nyingi kwa wakati mmoja. Ini huvimba na kushindwa kusafisha damu vizuri. Ndipo macho yanapogeuka manjano, mkojo unakuwa mweusi kama chai ya rangi, na mgonjwa huchoka, hukosa hamu ya kula na kutapika. Dalili hizi huweza kuanza kati ya mwezi 1 na miezi 6 baada ya virusi kuingia.

Kwa mtu mzima mwenye afya, mapambano haya kwa kawaida huisha kwa ushindi. Zaidi ya watu wazima 90 kati ya 100 hupona, na ini huota upya. Wachache sana hupata hali ya hatari ambapo ini hushindwa kazi kabisa.

Yapo pia magonjwa ambayo askari hawa hushambulia seli zisizo na kosa. Katika kisukari cha aina ya kwanza, ambacho mara nyingi huanza utotoni, wao huua seli za kongosho zinazotengeneza insulini.

Kwa mtoto mchanga ni vingine

Kinga ya mtoto mchanga bado haijakomaa. Virusi vikimwingia wakati wa kuzaliwa, askari wake hawavitambui vizuri. Macho hayageuki manjano, na mama humwona mtoto mzima kabisa. Lakini karibu watoto 9 kati ya 10 wanaoambukizwa wakati huo hubaki na virusi kwa miaka mingi. Moto unafuka chini kwa chini. Askari hubomoa kidogo leo, kidogo kesho, na kila mahali hubaki kovu. Baada ya miaka mingi ini huweza kukakamaa au kupata saratani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na virusi hivi, na watu milioni 1.1 walifariki kwa sababu yake.

Ufanye nini?

1. Mpeleke mtoto kwenye chanjo. Chanjo huufundisha mwili kutengeneza kinga inayovikamata virusi ndani ya damu, kabla havijaingia kwenye ini. Vikizuiwa hapo, hakuna nyumba ya kubomoa. Chanjo hii imo katika sindano ya pamoja inayotolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Usiache hata moja. Shirika la Afya Duniani linashauri pia sindano ya kwanza ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa. Mama mjamzito, muulize mkunga wako kuhusu kupima na kuhusu sindano hiyo.

2. Ukiona macho ya manjano, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Malaria kali na homa ya ini aina ya E, inayoenezwa na maji machafu, pia huleta manjano. Aina ya E ni hatari sana kwa mama mjamzito. Mgonjwa akianza kuchanganyikiwa, kusinzia mno au kutoka damu, mkimbizeni bila kungoja.

3. Usiliongezee ini jeraha. Usinywe pombe wala dawa za mizizi, na usizidishe panado.

4. Usichanjwe chale kwa wembe uliotumika. Virusi hivi huweza kukaa hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hata katika tone la damu lililokauka. Usichangie wembe, mswaki wala sindano, na tumia kondomu.

5. Kama umeandikiwa tenofovia, usiiache bila ushauri wa daktari, hata ukijisikia mzima. Dawa hii huvizuia virusi kuzaliana. Ukiiacha ghafla, virusi hurudi kwa wingi, askari huvishambulia kwa nguvu, na ini huweza kuumia vibaya. Ukitaka kusafiri, au unapojiandaa kurudi nyumbani, pitia kituoni kwanza upewe dawa za kutosha na karatasi yako ya matibabu.

Mwisho, tusiwatenge wagonjwa. Homa ya ini aina ya B haienei kwa kula sahani moja, kusalimiana kwa mkono wala kukaa nyumba moja. Mama mwenye virusi anaweza kumnyonyesha mtoto wake.

Ukiwa na swali, mwone mhudumu wa afya wa eneo lako.