Biliadi: kitambaa kikilegea, mwenye meza anapoteza wateja

Bunia, Butembo, Bukavu, Uvira: katika miji mingi ya mashariki mwa DRC, meza ya biliadi inalisha familia. Kila mchezo unalipiwa, na mara nyingi anayeshindwa ndiye anatoa pesa. Ndiyo maana mpira ukipinda karibu na shimo, kelele zinaanza. Mchezaji analaumu meza, na pengine ana haki: kitambaa kimelegea.

Kitambaa cha biliadi si kitambaa cha kushona nguo. Kwa kawaida ni sufu iliyochanganywa na nailoni. Katika eneo la Verviers, Ubelgiji, kampuni ya Iwan Simonis, ambayo historia yake inaanzia 1680, inajulikana kwa kazi hiyo. Kitambaa cha kawaida cha sokoni kinavutika, kinafanya mikunjo na kupasuka haraka.

Kabla ya kuweka kipya, fundi anafungua boliti zilizo chini ya meza na kuondoa kingo zote 6. Kisha anang'oa agrafu za zamani na kukwangua gundi iliyobaki. Jiwe la meza linafutwa mpaka liwe safi kabisa, kwa sababu chembe moja ya mchanga chini ya kitambaa inatosha kupotosha mpira, na mwishowe inatoboa kitambaa. Kama jiwe lina vipande 3, maungio yanajazwa nta na kusawazishwa. Pima maji inaonyesha kama meza imelala sawa.

Hapo ndipo kazi ya kuvuta inaanza, na inataka watu wawili: mmoja anavuta, mwingine anapiga agrafu kwenye mbao zilizo chini ya jiwe. Penye jiwe tupu, gundi ndiyo inatumika. Upande mmoja mfupi unafungwa kwanza, ukiwa umenyooka. Upande mfupi wa pili unavutwa kwa nguvu, kuanzia katikati kuelekea pembe. Pande ndefu zinafuata, nazo pia kuanzia katikati. Anayeanza na pembe anasukuma mikunjo katikati, na haitatoka tena.

Mashimo yanakatwa mwisho, kitambaa kikiwa tayari kimekazwa. Mkasi ukizidi kidogo, mpasuko unatokea juu ya meza na kitambaa chote kimeharibika.

Kujaribu ni rahisi: kiganja kinawekwa juu ya kitambaa na kusukuma mbele. Mkunjo ukijitokeza mbele ya mkono, agrafu zing'olewe na upande huo uvutwe upya. Ni saa moja zaidi ya kazi, lakini kitambaa kilicholegea kinapunguza mwendo wa mpira na kuchakaa mapema, na pesa ya kununua kingine itatoka mfukoni mwa mwenye meza.

Kingo za raba nazo zinavishwa kitambaa kipya, kila moja ikivutwa kwa nguvu sawa. Kama moja imelegea na nyingine imekazwa, mpira utaruka tofauti kila upande.

Baada ya hapo kinachobaki ni utunzaji: brashi kila siku ili kuondoa vumbi na chaki, meza kufunikwa usiku, na chupa za wateja kuwekwa mbali. Kwenye meza iliyofungwa vizuri, anayeshindwa analipa bila kubishana.