Maktaba ya Nyuzi: Kosa la Kuunganisha na Namna ya Kulitatua

Mwaka 2004 wenzetu wa mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Waliweza kwa kuwa programu huria hutolewa pamoja na msimbo wake, na kila mtu ana ruhusa ya kuitafsiri na kuijenga upya. Katika kuijenga ndipo wanafunzi wetu hapa Naguru hukwama, na tafsiri isiyoonekana kwenye skrini ni vigumu kuihakiki.

Kosa linalojirudia ni hili:

undefined reference to `pthread_create'

Maana yake ni kwamba jina pthread_create limetajwa, lakini mwenye jina hakupatikana.

Ujenzi una hatua mbili. Kwanza, kompaila hukagua sarufi ya kila faili na kuligeuza kuwa lugha ya mashine. Pili, kiunganishi (si kile cha "na" au "lakini" tunachofundisha darasani) hutafuta mahali kila jina lilipofafanuliwa. Kosa letu ni la hatua ya pili. Mtu akisema "Yule alikuja nacho," sarufi haina kasoro, ila hatujui "yule" ni nani wala "-cho" ni kitu gani. Kwa hiyo usihangaike kubadili msimbo. Onyesha mahali jina lilipo.

Nyuzi ni kazi kadhaa zinazoendeshwa sambamba ndani ya programu moja, kwa mfano kukagua tahajia huku mtumiaji akiendelea kuandika. Katika Linux kazi hizo zilikuwa na maktaba yake, libpthread, hadi toleo 2.34 la glibc, Agosti 2021, zilipoingizwa katika maktaba kuu. Amri ldd --version itakuonyesha toleo lako. Kompyuta zenye toleo la zamani bado zinahitaji maktaba hiyo itajwe.

Mpangilio nao una uzito. Kiunganishi husoma kutoka kushoto kwenda kulia, na maktaba iliyotangulia faili linaloihitaji huweza kuachwa. Ubuntu hufanya hivyo tangu toleo 11.10 la mwaka 2011. Basi andika:

gcc kamusi.o -lpthread -o kamusi

Bora zaidi, tumia -pthread katika hatua zote mbili. Ikiwa programu ina faili la configure, andika:

./configure CFLAGS=-pthread LIBS=-lpthread

Usiiweke -lpthread kwenye LDFLAGS, kwani kwa kawaida hiyo hutangulia mafaili. Kisha endesha make clean, halafu make.

Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilipitisha Kiswahili kitumike kama lugha rasmi. Lugha rasmi huhitaji zana zake. Mwalimu anayeweza kuijenga programu mwenyewe ataiona tafsiri yake ikifanya kazi, na ataisahihisha siku hiyo hiyo bila kumsubiri fundi.