Mbuzi wa mtoto: nani kati yetu yuko tayari?

Wazazi wa Ulaya na Marekani huulizana kama mtoto wao amefikia kuwa na farasi wake mwenyewe. Hapa Kindu swali hilo lingewachekesha watu wanaongoja mtumbwi wa kuvuka kwenda Alunguli, maana farasi hatuna. Lakini mbuzi tunao, kuku tunao, bata na kobayi tunao, na kila mwaka kuna mtoto anayeambiwa na papa yake au na bibi yake: "Huyu ni wako." Ni maneno mazito kuliko tunavyodhani. Mtoto huyasadiki. Basi tuulize sisi pia: ni lini mtoto anaweza kukabidhiwa mnyama, na ni lini mzazi anaweza kusema neno hilo bila kumdanganya?

Kwanza, kwa nini hatuna farasi? Sababu kubwa ni nzi aitwaye tsetse. Nzi huyu hubeba vijidudu vinavyoingia katika damu ya mnyama, vikamkondesha na kumuua. Farasi hawawezi kabisa kuvistahimili, na ng'ombe wengi vilevile. Mbuzi wadogo wa misitu yetu huvumilia zaidi. David Livingstone alitaka kulijaribu jambo hili mwaka 1866. Alipanda kutoka pwani kwa njia ya mto Ruvuma akiwa na ngamia, nyati wa Kihindi, baghala na punda, ili aone kama wangeshinda tsetse. Walikufa njiani. Lakini yeye mwenyewe alilalamika kwamba askari aliowakabidhi wanyama hao waliwapiga na kuwabebesha kupita kiasi, hata jaribio likaharibika: ni nzi aliyewaua, au ni mikono ya watu? Alipofika Nyangwe, kwenye Lualaba yetu hii, mwaka 1871, alifika kwa miguu. Mimi naikumbuka habari hiyo kila ninapoona mbuzi aliyefungwa juani mchana kutwa bila maji. Akifa, tutasema ni ugonjwa.

Sasa kuhusu umri. Wazazi hupenda kupewa namba: miaka minane, miaka kumi. Namba husaidia kidogo tu. Mtoto wa miaka saba anaweza kubeba majani na kutazama, lakini saa za mnyama bado hayumo nazo. Atasahau, na si kwa ubaya. Kuanzia miaka minane au tisa wengi wanaweza kushika kazi moja ya kila siku. Mbuzi mzima, mwenye nguvu ya kukokota kamba, anafaa zaidi kwa mtoto wa miaka kumi na kuendelea. Lakini nimeona wa miaka tisa aliye imara kuliko kaka yake wa kumi na nne. Alama ninayoiangalia ni moja: je, anafanya kazi yake siku ambayo hakuna aliyemkumbusha? Siku ya mvua, siku ya mechi ya mpira, siku ya Yenga mchana baada ya ibada, siku ambayo amekasirika. Mnyama hula siku hizo pia.

Kwa hiyo shule nzuri ya kwanza ni kobayi, yule ambaye ndugu zetu wa Tanzania humwita simbilisi. Hahitaji parseli kubwa. Kizimba cha mbao au cha mianzi pembeni ya jiko kinamtosha. Uzito wake akiwa mzima ni karibu kilo moja. Mimba yake huchukua miezi miwili na siku chache, naye huzaa wawili, watatu, wakati mwingine wanne. Watoto huzaliwa na manyoya na macho wazi, na huanza kuonja majani karibu mara moja. Mtoto anayesubiri kwa wiki tisa na kuona hayo kwa macho yake amepata fundisho ambalo darasani hakuna.

Lakini kobayi ana siri moja ambayo wengi hawaijui. Mwili wake hauwezi kujitengenezea vitamini C, sawa na mwili wetu. Akilishwa pumba na maganda makavu tu, bila majani mabichi, viungo vyake huuma, ufizi hutoka damu, na baada ya wiki chache hufa hata kama tumbo limejaa. Anataka majani mabichi kila siku: matembele, majani ya mahindi, nyasi changa. Hapo ndipo utamjua mtoto. Anayesoma asubuhi atakata majani mchana. Anayesoma mchana itambidi aamke mapema. Akiweza kufanya hivyo miezi mitatu bila wewe kupiga kelele, umepata jibu lako.

Kuna mambo ambayo mtoto hawezi kuyabeba peke yake, nayo si kosa lake. Siafu wakiingia kwenye kizimba usiku, asubuhi utakuta mifupa. Panya na paka huchukua wadogo. Madume wadogo yafaa watengwe wakifika wiki tatu au nne, la sivyo watapanda dada zao na hata mama yao, na kizazi kitadhoofika. Ni kazi ya mtu mzima kuangalia hayo pamoja na mtoto, na kumwonyesha namna ya kutofautisha dume na jike. Na kila akitoka kizimbani anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula.

Mbuzi ni hatua nyingine. Wakati wa maziwa na mimba yake ni mrefu, karibu miezi mitano kubeba na miezi mingine kunyonyesha, na matatizo yake hutoka nje ya parseli. Kwanza kamba. Mbuzi aliyefungwa huzunguka kigingi hadi kamba inaisha, akabaki shingo imebanwa, pasipo kivuli wala maji. Mtoto lazima apite kumhamisha angalau mara mbili kwa siku. Pili majani yenyewe. Majani ya muhogo mchungu, yakiwa mabichi kabisa, yana sumu inayoweza kumuua mbuzi. Yaanikwe kwanza yanyauke vizuri, na maganda vilevile yaanikwe juani. Asubuhi na mapema, nyasi zikiwa bado na umande, asimpeleke malishoni, kwa sababu minyoo michanga hupanda kwenye majani yenye maji. Angoje jua likaushe. Usiku mbuzi alale juu ya sakafu ya fito iliyoinuliwa, mkojo na mavi vipite chini, la sivyo kwato zitaoza wakati wa mvua.

Na zaidi ya yote kuna jirani. Mbuzi akiingia katika bustani ya sombe ya mama wa nyumba ya pili, ni nani atakwenda kuomba msamaha? Kama ni papa peke yake, basi mbuzi ni wa papa. Mtoto aende naye, asimame pale, aseme mwenyewe, na ikiwezekana alipe kwa kazi: kupalilia siku mbili, kuteka maji. Ni ngumu kumtazama mtoto akiaibika, lakini kumwacha nyuma ya mlango ni kumfundisha kwamba mali ni yake na hasara ni ya wengine.

Juu ya magonjwa nitasema kwa ufupi, veterinari ataeleza vizuri kuliko mimi. Mbuzi mwenye homa, makamasi mazito, vidonda mdomoni na kuharisha atengwe na wenzake siku ileile. Huenda ni ugonjwa unaoitwa PPR, ambao mwaka 2012 uliua makumi ya maelfu ya mbuzi katika nchi yetu. Chanjo yake ipo, na sindano moja hulinda miaka mitatu au zaidi. Mtoto afundishwe kuja kusema mapema, na akija na habari mbaya asipigwe. Anayepigwa mara moja ataficha mara ya pili.

Mazoea yetu ya zamani yana hekima hapa. Mtu mwenye mbuzi wengi humpa mwingine jike amchungie, na wakizaliwa watoto wanagawana. Mbona tusifanye hivyo na watoto wetu? Bibi amkabidhi mjukuu jike moja, likibaki la bibi. Mjukuu alichunge mwaka mmoja. Likizaa na mtoto wa mbuzi akapona hadi kuachishwa, huyo ndiye wake. Aliyekuwa mwaminifu juu ya mali ya mwingine hapewi zawadi tena, anapokea mshahara wake. Tofauti hiyo mtoto anaielewa kabisa.

Sasa nigeuke upande wa pili, maana naona huko ndiko tunakoanguka mara nyingi zaidi. Ndugu wazazi, tuseme mtoto amefaulu yote. Mbuzi ni mzuri, ana mimba. Siku moja anafika mgeni wa heshima. Labda ni mjomba kutoka Kasongo, labda, tuseme ukweli, ni mchungaji. Papa anatazama uani. Mbuzi aliye karibu ni wa mtoto. Mtoto anarudi kutoka shule na kukuta ngozi imeanikwa. Anaambiwa: "Tutakupa mwingine." Hapewi.

Wasomaji wa Biblia wanaikumbuka hadithi ambayo nabii Nathani alimsimulia mfalme Daudi, katika 2 Samweli sura ya 12. Tajiri mmoja mwenye mifugo mingi alipata mgeni, akaacha wanyama wake, akachukua mwanakondoo mmoja wa jirani yake maskini. Daudi aliyesikia hayo aliwaka hasira kabla hajajua kwamba anasemwa yeye. Sisi tukiisikia kanisani tunamfikiria mfalme. Hatumfikirii mtoto wa miaka kumi na mmoja na mbuzi wake.

Sheria ya nchi yetu inasema mtoto ni yule ambaye hajatimiza miaka 18, na wazazi ndio wanaosimamia mali yake. Ni kweli. Lakini kusimamia si kula. Kama mzazi anajua moyoni kwamba shida ya kwanza itakapokuja atamuuza mbuzi, na maisha ya Kindu yana shida nyingi, basi aseme tangu mwanzo: "Huyu ni wa nyumba, wewe ni mchungaji wake." Hilo ni neno la heshima, halina uongo ndani yake.

Kama amesema "ni wako", basi waandike katika daftari, pamoja na mtoto: tarehe, rangi ya mnyama, ni nani anaweza kuamua auzwe, na pesa zitafanya nini. Tangu mwaka 2019 shule za msingi za serikali ni za bure, lakini sekondari bado ina malipo, na hapo ndipo jike moja lililoanza mtoto akiwa na miaka kumi linaweza kusaidia, kama watoto wake hawakuliwa mmoja mmoja. Na ikitokea dharura ya kweli, mtu yuko hospitali na hakuna njia nyingine, mtoto aitwe kabla mnyama hajatoka, aelezwe, na deni liandikwe katika daftari lilelile. Watoto hutoa mengi wakiombwa.

Neno moja juu ya wasichana. Katika nyumba nyingi msichana ndiye anayekata majani, anayefagia kizimba, anayeteka maji. Kisha kaka yake ndiye anayeitwa mwenye mbuzi. Ukitaka kujua ni nani aliye tayari katika nyumba yako, tazama ni nani mnyama humkimbilia akisikia hatua zake. Kisha umwandike huyo katika daftari.

Na mtoto akishindwa? Inatokea. Majani hayakatwi, kobayi wamekonda, mwenye mali yuko kwenye mpira. Usimtangaze mbele ya wenzake. Mnyama ahamishiwe kwa mtu mwingine jioni ileile, maana yeye hawezi kungoja mtoto akomae, na mtoto aambiwe kwamba baada ya miezi sita anaweza kuomba tena, akianza na kobayi mmoja, jike, na kizimba alichokitengeneza mwenyewe.