Nusu siku ambayo shule imewaachia wazazi wa Rumonge

Korona ilipoingia Afrika Mashariki Machi 2020, Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda zilifunga shule. Burundi haikufunga. Watoto wa Rumonge, mji wake ulio kando ya Ziwa Tanganyika, waliendelea kubeba madaftari yao kama kawaida, na wenzao wa Kampala wengi hawakurudi darasani kikamilifu hadi Januari 2022. Ndiyo maana ukimtajia mzazi wa Uganda habari ya kumsomesha mtoto nyumbani, ana kisa cha kukusimulia. Wa Rumonge atakuuliza kwanza: kwani shule imefanya nini?

Ni swali la haki. Ila siku hizi wazo hilo linaingia kwa simu, kutoka kwa ndugu waliohamia Marekani, ambako majimbo yote 50 yanamruhusu mzazi kumsomesha mwanawe mwenyewe. Ndugu hao hawataji kwamba kwa wengine mambo ni tofauti. Ujerumani inamtaka kila mtoto aende shule, na Kenya, kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, imemwekea mzazi wajibu wa kumwandikisha. Huku kwetu njia ya mtoto ni shule ya msingi ya ECOFO, miaka tisa, na mwishoni kuna konkuru, mtihani wa taifa unaoamua nani anaendelea. Kumtoa mtoto katika njia hiyo ukitarajia kumrudisha baadaye ni kumchezea bahati yake. Kwa maoni yangu, mzazi wa Rumonge asimtoe mtoto shuleni.

Lakini kuna nusu siku. Tangu ada ya shule ya msingi ilipofutwa mwaka 2005, madarasa yalifurika, na shule nyingi zikalazimika kwenda kwa zamu: kundi moja asubuhi, jingine mchana, mara nyingi mwalimu akiwa yule yule. Saa zinazobaki mtoto yuko nyumbani, au yuko mwaloni, au anaokota chikichi zilizodondoka chini ya michikichi. Shule ya nyumbani ya Rumonge ina nafasi hapo, bila kuomba kibali cha mtu.

Wala si jambo geni. Wazee Wakatoliki wanaikumbuka Yagamukama, masomo ya parokia yaliyowafundisha watu wengi kusoma Kirundi kabla utawala wa Rais Bagaza haujayapiga marufuku katika miaka ya 1980. Na katika mtaa wa Waswahili chuo cha Kurani hakijawahi kungoja jengo la serikali. Kaa barazani pa mwalimu dakika chache uone anavyofanya. Watoto ishirini, umri mbalimbali, kila mmoja na mahali pake katika kijuzuu, wote wanasoma kwa sauti kwa pamoja. Mgeni atadhani ni fujo. Mwalimu anamwita mmoja, anamsikiliza mstari wake, anamsahihisha, anamwongezea mstari mwingine au anamrudisha kwenye ule wa jana, kisha anamwita anayefuata. Hakuna anayemngoja mwenzake, hakuna anayeburutwa. Mama mwenye watoto wanne wa madarasa manne anahangaika afundishe lipi kwa wakati mmoja, na jibu liko pale mtaani kwake.

Pa kuanzia, basi, ni kujua kila mtoto yuko mstari gani. Kuanzia 2009 mpango wa Uwezo ulituma watu wa kujitolea nyumba kwa nyumba nchini Kenya, Tanzania na Uganda, wakiwa na karatasi ya kiwango cha darasa la pili: herufi, maneno, aya fupi, hadithi fupi. Mtoto anasoma mpaka anapokwama. Burundi haikuwamo katika mpango huo, lakini karatasi kama hiyo unaiandika mwenyewe kwa kalamu na ukurasa wa daftari. Mfano ni huu. Mtoto wa darasa la nne anapewa sentensi tatu za Kirundi. Anaisoma ya kwanza mbio mbio, kumbe anaijua kwa moyo kutoka kitabu cha shule. Ukiifunika sentensi kwa kidole na kumwonyesha neno moja la katikati, anakutazama usoni. Sasa umejua: huyu hana shida ya hadithi, ana shida ya silabi, na wiki mbili tatu ni za silabi tu. Usimkaripie, maana darasa lenye watoto wengi namna ile halikuweza kuliona hilo.

Lugha ipi? Hapo ndipo ubishi ulipo. Shule inaanza kwa Kirundi, huku Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili vikifundishwa kama masomo, kisha Kifaransa kinachukua usukani. Wazazi wenye haraka wanataka Kifaransa kianze nyumbani mtoto akiwa hajui hata kuandika jina lake. Matokeo ya upimaji wa PASEC ya mwaka 2014, yaliyolinganisha nchi 10 za Afrika zinazotumia Kifaransa, yanasema vingine: watoto wa Burundi waliongoza katika madarasa ya mwanzo, na sababu iliyotajwa sana ni kwamba walikuwa wakisoma kwa lugha wanayoielewa. Nyumba inayoongea Kirundi ianze kwa Kirundi. Nyumba inayoongea Kiswahili ianze kwa Kiswahili, isione haya. Familia nyingi za pwani hii zilikimbilia Tanzania baada ya mauaji ya 1972, ambayo moto wake uliwaka kwanza Rumonge na Nyanza-Lac. Watoto wakazaliwa Katumba, Ulyankulu na Mishamo, wakasoma kwa Kiswahili, na waliporudi wakakuta darasa la Kirundi na Kifaransa. Waliokuwa tayari wanajua kusoma walibadili lugha tu. Wasiojua walikuwa na mizigo miwili.

Hesabu ndiyo rahisi kuliko yote, kwa kuwa Rumonge inahesabu kuanzia alfajiri. Mawese yanauzwa kwa bidoni la lita 20, na mwenye kutaka kidogo anapimiwa kwenye chupa ya bia ya sentilita 72. Muulize mtoto wa darasa la sita zinatoka chupa ngapi. Atagawanya, atapata 27, na atabaki na sentilita 56 mkononi. Sasa muulize zile 56 muuzaji anazipeleka wapi. Hapo somo la kugawanya linakuwa somo la biashara, na mama yake mwenyewe ndiye mwalimu bora kuliko mimi. Mkubwa wake apewe ziwa lenyewe: urefu wa karibu kilomita 670, kina cha mita 1,470, nchi nne zinazoligawana, achore, apime, alinganishe na Baikal, ziwa pekee duniani linalolipita kwa kina.

Ratiba nayo isiigwe ya watu wa mjini. Ndagala, yaani dagaa, huvuliwa usiku wa giza, kwa karabai au taa za sola, na mbalamwezi ikishika wavuvi wanapumzika. Baba ambaye hayupo wakati wa giza, au yupo lakini amelala fofofo mchana, siku za mwezi yupo na akili yake yote. Hizo ni siku zake za kufundisha.

Kikwazo kikubwa, tuseme ukweli, si lugha wala vitabu. Nusu siku hiyo ina wenyewe: ndagala za kuanikwa, maji ya kuchotwa, mdogo wa kubebwa mgongoni, na mara nyingi anayeitwa ni msichana. Sitamwambia mama anayetegemea beseni moja la samaki kwamba kazi za watoto ziishe. Ninachodai ni dakika thelathini kila siku, kaka na dada sawasawa, kabla ya kazi na si baada yake. Mtoto aliyekwisha kuanika samaki juani hana tena jicho la kusoma.

Kifaransa kikikolea, wazazi wengi hatuna jibu. Redio ya shule ya Nderagakura inasaidia sikio. Zaidi ya hapo mtafute kijana wa jirani aliyevuka konkuru, umlipe sahani ya ndagala jioni, na umpe sharti moja: asimfanyie mtoto kazi aliyopewa shuleni. Akae pembeni, mtoto aandike mwenyewe, na akikosea aulizwe amefikaje hapo kabla ya kuonyeshwa jibu.