Mafuta ya Kuku Hurithiwa

Wafugaji wengi wa mwambao wa Mwanza, wachinjapo kuku, hukuta tumboni mafuta mazito ya manjano. Hicho ni chakula kilichogharimiwa bila kugeuka nyama wala mayai.

Unene huo hautokani na ulaji pekee, hurithiwa. Nchini Ufaransa, watafiti walichagua wazazi kizazi baada ya kizazi, wakapata kutoka kundi moja nasaba mbili zenye uzito unaolingana: moja ya mafuta mengi, nyingine ya mafuta machache.

Jeni zinazohusika ni nyingi, kila moja ikichangia kidogo, na kila kifaranga hupokea nusu ya jeni zake kwa jogoo. Kwa hiyo uzito pekee, hata wa kuchi, si kipimo cha mbegu bora. Kwa kuwa jogoo wa mbegu hachinjwi, wakaguliwe ndugu zake wanaochinjwa: wakiwa na mafuta mengi, yumkini naye amebeba urithi huo.

Chakula nacho kina sehemu yake. Pumba za mahindi zisizo na protini ya kutosha huongeza mafuta; dagaa wa ziwani, wakavu na wasio na mchanga, hurekebisha upungufu huo.

Kabla ya kuchagua jogoo wa mbegu, mfugaji anashauriwa kumwona Afisa Mifugo wa kata yake.