Athari ya Usanifu wa Ndani katika Mazungumzo ya Wateja Mkahawani

Usanifu wa ndani wa mkahawa hujadiliwa aghalabu kwa kuzingatia rangi na mwanga. Makala haya yanazingatia sauti. Vigae, vioo na zege hunyonya sauti kidogo mno, hivyo mwangwi hukawia ukumbini. Kila meza hupaza sauti ili isikike juu ya nyingine, tabia iliyoelezwa na daktari Mfaransa Étienne Lombard mwaka 1911, na kelele huzidi kujizalisha. Anayeumia kwanza ni mteja mwenye usikivu hafifu: yupo mezani na wenzake, lakini nje ya mazungumzo yao. Mwishoni mwa karne ya 19, Wallace Sabine wa Harvard alikwisha kuonesha kwamba mito ya viti hufupisha mwangwi. Kitambaa cha meza pekee hakitoshi. Eneo pana zaidi lisilozibwa na samani ni dari, nalo mara nyingi huachwa tupu.